Jinsi ya kujitengenezea mfumo wa uzito pinzani kwa wanaozama kwa pumzi moja kutoka boti ndogo (mwongozo kamili)

Wadau wa kuzama bila mtungi, leo tuongelee ule mfumo wa kumpandisha mtu juu kwa kamba pale anapopata shida chini ambako mwenzake hawezi kumfikia. Kwenye mashindano makubwa unakuta upo tayari, umefungwa kwenye jukwaa na watu wake maalum wa kuusimamia, ila sisi wa boti ndogo mara nyingi tunateremsha kamba yenye uzito wa risasi chini na boya juu basi, tunaanza kuzama. Habari njema ni kwamba huu mfumo unatengenezeka, hauhitaji injini wala hewa wala umeme, unahitaji kamba nzuri, puli mbili, uzito, na mtu asiye na haraka kwenye kupima.

Wazo lenyewe ni jepesi. Kamba ya kuzamia inapanda kutoka chini, inapita juu ya puli kwenye boti, inavuka upande wa pili na kushuka tena, na mwisho wake imefungwa uzito mkubwa kuliko kila kitu kilichoko upande wa mzamiaji. Huo uzito umezuiliwa usishuke. Ukiuachia unazama, kamba upande wa mzamiaji inapanda, na kwa sababu mzamiaji amejiunga na kamba kwa lanyadi yake (ule waya mfupi wa usalama), naye anapanda. Wakati wote uzito pinzani unashuka mita zilezile ambazo mzamiaji anapandishwa, hili ulishike maana huko mbele ndo litaamua kina cha bahari unachohitaji.

Kabla hujakimbilia kununua kamba, uelewe kwanza mfumo huu ni wa nini na sio wa nini. Wengi wanaozimia kwenye mchezo huu wanazimia karibu na juu, zile mita 10 za mwisho au hata baada ya kutoa kichwa nje, kwa sababu shinikizo linashuka haraka na oksijeni iliyobaki mwilini inashindwa kuendelea kuhudumia ubongo. Hapo uzito pinzani haukusaidii kitu, anayekusaidia ni mwenzako aliyeshuka kukupokea na akakushika. Kwahiyo kama huna mwenzako anayejua kuokoa, huu mwongozo sio wako bado, katafute mafunzo na mwenza kwanza. Mfumo ni kwa ajili ya yule aliyebaki chini kabisa, amezimia huko, au amenaswa na kamba, au sikio limemletea kizunguzungu hajui juu ni wapi.

Na chini kule mtu haelei, wengi wanasahau hili. Mita 10 hewa mapafuni imebaki nusu ya ujazo wake, mita 20 imebaki theluthi, mita 30 robo, na suti ya mpira nayo imeshabanwa imekuwa nyembamba. Mzamiaji aliyepangilia uzito wake vizuri anakuwa hazami wala haelei kwenye kina cha kama mita 10 mpaka 15, akipita hapo anashuka mwenyewe kama jiwe, na akizimia hapo anaendelea kushuka. Natalia Molchanova, mmoja wa wazamiaji wakubwa kuwahi kutokea na mwenye rekodi lukuki za dunia, alipotea Agosti 2015 karibu na kisiwa cha Formentera, Hispania, kwenye zamio la kawaida tu la kama mita 30 mpaka 40, sio kwenye rekodi. Sitaki kusema kifaa gani kingemwokoa, ninachosema ni kwamba "leo tunazama kidogo tu" sio sababu ya kuacha vifaa nyumbani.

Kuna watakaouliza kwa nini usitumie puto la kujaza hewa. Mzamiaji wa pumzi moja Audrey Mestre alifariki tarehe 12 Oktoba 2002 huko Jamhuri ya Dominika akijaribu kufika mita 171, na mtungi uliotakiwa kujaza puto la kumpandisha ulikutwa hauna hewa ya kutosha. Puto lina mtungi, lina vali, lina mtu aliyetakiwa kujaza jana. Uzito hauna cha kujazwa. Ndo maana kwa kitu cha kujitengenezea mi nachagua uzito kila siku.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya uzito, lakini uzito wa ndani ya maji

Hapa ndo mifumo mingi ya kujitengenezea inakufa, mtu anapima kilo nchi kavu anaona zinatosha, halafu ndani ya maji zinakuwa nusu. Kila kitu kikiingia baharini kinapunguziwa uzito sawa na maji kilichoyasukuma. Kilo 10 za risasi zinabaki kama kilo 9.1, kilo 10 za chuma kama 8.7, kilo 10 za mchanga mkavu kama 6.1, na kilo 10 za zege kama 5.7 tu. Yani zege linakuibia karibu nusu ya kazi uliyoibeba mpaka kwenye boti.

Sasa tuchukue mfano wa kamba ya mita 25. Uzito wa chini, ule unaonyoosha kamba, tuseme ni risasi kilo 6, majini ni kama 5.5. Mzamiaji aliyelegea kwenye kina hicho na suti iliyobanwa mpe kilo 5 za kuvuta chini, wengine watakuwa na pungufu ila usipangie mfumo mtu mwepesi. Hapo una kama 10.5, ukiweka uzito pinzani wa 11 utasogea, ila kwa mwendo wa konokono. Maji yanakataa kupitwa, na upinzani wake unapanda kwa mraba wa spidi, ukitaka spidi mara mbili jiandae kwa nguvu mara nne. Kumpandisha mtu aliyelegea kwa kati ya mita 1 na mita 1.5 kwa sekunde, pamoja na msuguano wa puli mbili, mi naweka ziada ya kilo 20. Jumla inakuja kilo 30.5, sema 31, za majini. Ukitumia risasi hiyo ni kama kilo 34 nchi kavu, chuma kilo 36, mchanga kilo 51, zege kilo 55.

Mi nashauri risasi au chuma, na sio kwa sababu ya kilo tu. Gunia la mchanga ni kubwa, nalo linapata upinzani wa maji likishuka, linachelewesha kila kitu, halafu gunia likipasuka ukiwa umemning'iniza mtu upande wa pili basi umebaki na kamba tupu. Ukiwa huna namna zaidi ya zege, limimine ndani ya bomba nene la plastiki liwe refu na jembamba, na chuma cha kufungia kipite katikati mpaka chini na kikunjwe huko, kisiwe kimechomekwa juu juu.

Hatua ya pili: kamba na kinachofungwa kwenye kamba

Kamba ya kuzamia iwe poliesta isiyonyumbuka, unene wa milimita 10 mpaka 12. Nailoni inanyumbuka, hiyo tutaipa kazi nyingine. Polipropilini inaelea na inaoza na jua, iache. Milimita 10 ya poliesta nzuri inakatika kwa zaidi ya tani 1 kwahiyo nguvu sio tatizo, unene unautaka kwa ajili ya kushikika kwa mkono na kwa karabina (kiungo cha chuma chenye mlango wa kujifunga) kuteleza vizuri. Rangi nyeupe au ya kung'aa, na alama za kila mita 5 ziwe za wino au uzi mwembamba ulioshonwa ndani. Usiweke mafundo wala tepu nene popote kati ya chini na boti, kila kilichopo kwenye hiyo kamba kitakuja kupita kwenye puli kwa kasi siku usiyoipanga, isipokuwa kizuizi ambacho hakitafika huko, nitaeleza.

Kizuizi ni mpira wa tenisi uliotobolewa na kupitishwa kamba, na chini yake fundo kubwa au kibano. Unakaa kama mita 1 juu ya uzito wa chini. Kazi yake ni mbili: mzamiaji akishuka, karabina ya lanyadi inasimama hapo isifike kwenye uzito ikajinasa, na siku ya shida, kizuizi kinapanda na kamba, kinaikuta karabina popote mtu alipo, kinambeba. Ukielewa hili utaona kwa nini mfumo unafanya kazi hata kama mtu amekwama mita 15 na kizuizi kiko 25, kamba itapanda ikimpita mpaka kizuizi kimkute. Kwahiyo fundo la chini ya mpira ndo litabeba mtu, sio mpira wenyewe. Livute kwa uzito wako mwenyewe nchi kavu kabla hujaliamini.

Lanyadi iwe ya waya wa chuma uliovikwa plastiki, ya nyuzi laini inajizungusha kwenye kamba. Urefu nusu mita mpaka mita 1. Upande wa kamba karabina pana yenye kujifunga yenyewe, upande wa mtu mkanda wa velkro unaofunguka kwa mkono mmoja. Mkononi ni bora kuliko kiunoni kwa mfumo huu, ukivutwa mkono mwili unanyooka na kupenya maji, ukivutwa kiuno unajikunja katikati na kuwa kama mwavuli uliofunguka. Bila lanyadi mfumo wote huu ni kunyanyua risasi tu, asiyeivaa hashuki, hakuna mjadala.

Hatua ya tatu: boriti na puli

Chukua boriti ya mbao ngumu au bomba la mabati la inchi 2, ilaze kukatiza boti, itokeze kama sentimita 40 kila upande. Ifunge kwa boti kwa bolti au kwa kamba zilizokazwa sehemu mbili kila upande, isiweze kuteleza, kuzunguka wala kunyanyuka. Kila ncha funga puli moja kwa shekeli, yani pingu ya chuma yenye pini. Kamba inapanda upande wa kushoto, inalala juu ya boriti, inashuka upande wa kulia. Kwa boti ya kawaida hapo una nafasi ya mita 2 au zaidi kati ya mtu anayepanda na chuma kinachoshuka, na hiyo nafasi usiipunguze, hawa wawili watapishana katikati ya maji na hutaki wakutane.

Puli iwe na gurudumu kubwa, angalau milimita 80 kwa kamba ya milimita 10, na mashavu yaliyobana ili kamba isiruke ikaingia pembeni ya gurudumu. Kamba kuruka kwenye puli ndo namna ya kawaida kabisa ya mfumo huu kufa. Jaribu kuilazimisha kwa mkono ukiwa na kamba imelegea, ikiingia hata kidogo hiyo puli haifai. Ingawa uzito ni kilo 30 na kitu, puli na shekeli chukua za kubeba kilo 300 kwenda juu, boti ikinyanyuliwa na wimbi kila kitu kinashtuliwa. Na shekeli zote zifungwe waya kwenye pini, boti inatikisika na pini zinajifungua zenyewe.

Mtumbwi mwembamba usijaribu huu mpangilio. Upande mmoja una kilo 31 na mwingine 5.5, halafu kuna watu wawili wanainama upande mmoja kumvuta mzamiaji. Boti ambayo watu wawili wakikaa ukingo mmoja inaanza kuchota maji, hiyo sio boti ya kazi hii.

Hatua ya nne: kishikizo, kigingi na mkia

Hapa ndo moyo wa mfumo. Kanuni yangu ni moja, kuachia kuwe tendo moja, la mkono mmoja, linalowezekana na mtu aliyechanganyikiwa. Ukiona mfumo unataka ufungue hapa, kisha ulegeze pale, kisha ukate hapo, huo ni mtego.

Upande wa uzito pinzani, chini kidogo ya puli, funga kitanzi imara kwenye kamba. Kutoka kwenye boriti shusha kishikizo, yani kamba fupi yenye kitanzi mwishoni. Pitisha kitanzi cha kishikizo ndani ya kitanzi cha kamba kuu, kisha chomeka kigingi laini cha mbao cha sentimita 15 ili visichomokane. Uzito wote sasa unabebwa na kishikizo. Ukichomoa kigingi, vinaachana, uzito unazama. Kigingi kipigwe msasa na nta, kipakwe rangi kali, kifungwe uzi ili kisipotee. Kama unapata zile ndoano za chuma zinazofyatuka hata zikiwa zimevutwa, kama wanazofungia farasi, tumia, ni safi kuliko kigingi, ila sharti uoshe chumvi kila siku. Kitanzi cha kamba kuu kiko upande wa kushuka, kinaenda mbali na puli, hivyo hakitakwama.

Weka pia kifungo cha pili cha akiba, kamba nyingine fupi ya kushikilia, ambayo ipo muda wote ambapo hakuna mtu chini, mnahamisha boti, mnavaa, mnabishana. Inatolewa sekunde chache kabla mzamiaji hajashuka na anayeitoa anasema kwa sauti kwamba ameitoa.

Urefu wa kamba upange ili uzito pinzani uning'inie mita 2 chini ya maji, sio hewani. Ukining'inia hewani kila wimbi linaubamiza kwenye boti, na siku ukiachia unaanguka unachota kasi halafu unashtua kamba yote. Na kamba kati ya kitanzi na uzito iwe imenyooka muda wote, ulegevu wowote hapo unageuka nyundo.

Halafu mkia. Fikiria mfumo umefanya kazi vizuri kabisa, mtu anapanda mita 1.5 kwa sekunde, mkono wake uko juu ya kichwa kwenye lanyadi, na juu yake kuna puli. Nani anamsimamisha? Huwezi kuweka mpira mwingine juu zaidi ya kamba ukagonge puli, karabina ya mzamiaji isingepita akishuka. Kwahiyo unaufunga uzito pinzani kamba ya pili ya nailoni, ule mkia, ambao mwisho wake umezungushwa kwenye kiti cha kufungia kamba botini. Urefu wake ni kiasi kwamba kizuizi kikifika mita 3 chini ya maji, mkia unakaza na kila kitu kinasimama. Kwa mfano wetu: kizuizi kiko mita 25, kinatakiwa kupanda 22, uzito unaanzia mita 2 chini, ongeza nusu mita ya kutoka majini mpaka botini, mkia ni mita 24.5. Nailoni kwa sababu inanyumbuka na kumeza mshtuko. Mkia wenyewe uliozidi uache umezungushwa hapo kwenye kiti ili mita 3 za mwisho uzilegeze taratibu kwa mkono huku mwenza aliyeko majini amemshika mtu. Mkia unalazwa kwenye ndoo, kuanzia mwisho wa botini kwenda juu, sio kuviringwa sakafuni ambako mguu wa mtu utakuwa ndani ya duara.

Hatua ya tano: kina na mkondo

Uzito pinzani ukigota chini kabla mzamiaji hajafika juu, kazi imeishia hapo. Kwa kizuizi cha mita 25 na uzito kuanzia mita 2, unashuka mpaka 24 tukihesabu mkia, kwahiyo bahari ya mita 30 tambarare inatosha. Shida ni miteremko. Upande wa mzamiaji kunaweza kuwa 30 na upande wa pili 20, na boti ikizungushwa na upepo pande zinabadilishana. Pima kina pande zote mbili kwa chubwi, na pima tena kila mkihama.

Boti inayoelea na mkondo inakupa kamba iliyonyooka kwenda chini, ila kina kinabadilika mkisogea. Boti iliyotia nanga inabaki palepale ila kamba inapeperushwa na mkondo. Kama ni nanga, hakikisha boriti imekatiza mkondo ili kamba zote mbili zilale sambamba bila kuvukana, na kamba ya nanga isije upande wowote ule. Mkondo ukiinamisha kamba vibaya kiasi kwamba huioni inakoelekea, siku hiyo hakuna kuzama kwa kina. Injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni kwa mtu wa kamba.

Hatua ya sita: jaribu mpaka uchoke

Anzia nchi kavu, ning'iniza mfumo mahali pa juu, vuta kigingi ukiwa na uzito kamili, mikono imelowa na ina sabuni. Kisipochomoka kirahisi, punguza unene au badilisha mbao.

Kisha majini bila mtu. Mzamiaji wa bandia ni dumu la lita 20 lililojazwa maji pomoni, lisiwe na hewa hata kidogo, na kilo 5 za risasi zimefungwa chini. Mfungie lanyadi ileile ya kazi, muunge kwenye kamba, mwache azame mpaka kwenye kizuizi. Ondoa watu wote majini. Vuta kigingi, anza saa. Kwa mita 22 mi nataka kuona sekunde 15 mpaka 25. Ikizidi 25 ongeza kilo chache, ikishuka chini ya 15 punguza, kasi kubwa inaumiza bega na inakaza mkia vibaya. Ukiona dumu linapanda kwa kusitasita, puli inabana au kamba imegusa kitu.

Rudia na dumu likiwa limezuiliwa katikati kwa kamba nyembamba inayokatika kirahisi, ujionee kizuizi kikilikuta. Rudia na boti imeyumbishwa na watu. Rudia na mtu tofauti kwenye kigingi, bila kumwambia ni lini, umwite tu "achia!" uone anashika nini kwanza. Wengi watashika kamba ambayo sio, na ni bora wakosee leo kwenye dumu. Jaribio la binadamu mwenye fahamu liwe la mwisho na liwe mita 5 au 6 tu, kusudi ajue inavyohisi kuvutwa, na mwenza awe pembeni yake.

Hatua ya saba: siku ya kuzama

Watu watatu ndo kiwango cha chini: mmoja anazama, mmoja ni mwenza majini, mmoja yuko botini na kazi yake ni saa na kigingi peke yake, hapigi picha, hasaidii mtu kuvaa mapezi. Mkiwa wawili msiutegemee huu mfumo, aliye majini hawezi kuvuta kigingi na kumpokea mtu kwa wakati mmoja.

Muda wa kuachia unaamuliwa kabla ya pumzi ya mwisho, sio wakati watu wana wasiwasi. Kwa mita 25, kwenda na kurudi kwa kama mita 1 kwa sekunde ni sekunde 50 mpaka dakika 1. Mkikubaliana dakika 1 na sekunde 25 ndo mwisho, basi ikifika hapo na mwenza hajamshika mtu, kigingi kinatoka. Hakuna "tumpe kidogo". Kumpandisha mtu mzima kwa bahati mbaya gharama yake ni aibu na mabega kuuma. Mtu wa botini aweke pia vidole kwenye kamba muda wote, mzamiaji akigusa chini na akianza kurudi unasikia, na ukimya wa ghafla nao unausikia.

Mwenza anashuka kumpokea kama kawaida, mita 10 au zaidi kulingana na uwezo wake, ila hashiki kamba na hakai kati ya kamba mbili. Asipomwona mtu anarudi juu anasema. Kabla ya kuvuta kigingi mtu wa botini anapiga ukelele na kugonga boti mara kadhaa ili aliye majini ajue chuma kinashuka upande wa kulia. Mfumo ukigoma, usianze kuutengeneza, kata kishikizo kwa kisu kilichofungwa hapohapo kwenye boriti, na kama bado, vuta kamba kwa mikono, mkono baada ya mkono. Kwa mita 25 mtu mwenye nguvu anaweza, ni taratibu na anachoka ila anaweza.

Mtu akifika mita 3 mwenza anamshika, anafungua velkro, anamtoa kichwa nje, mdomo na pua juu ya maji, miwani inatoka, anampuliza usoni, anamgusa shavu, anamwita jina na kumwambia apumue. Ndani ya sekunde 10 asipopumua mnaanza kumpulizia pumzi kama mlivyofundishwa, palepale majini, kisha botini na oksijeni kama ipo. Hata akizinduka anacheka, siku yake ya kuzama imeisha, na akikohoa, akitema povu au damu au akipumua kwa shida anapelekwa hospitali hata kama anakataa.

Kutunza

Maji baridi kwa kila kitu baada ya kila safari, puli zizungushwe chini ya bomba mpaka ziimbe bila mkwaruzo. Kamba pitisha yote kwenye vidole polepole, ukikuta sehemu imekuwa ngumu, imeyeyuka au imevimba, kata na badilisha, hasa zile sentimita chache zinazolala juu ya puli muda wote wa kuning'inia, hapo ndo inalika kwanza na kwa juu huoni. Ukiwa na kamba ndefu kidogo unaweza kuhamisha kile kitanzi cha kamba kuu nusu mita kila baada ya muda ili sehemu mpya ikae kwenye puli, na ukifanya hivyo pima upya mkia, maana kizuizi nacho kimehama.